Simu ya kukunja kwa mtu wa mwaloni: ninunue au nitulize roho?

BintiMwaloni

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kabla hela haijanitoka. Wale wa utani mje baadaye, leo nipo siriasi.

Nauza dagaa hapa Mwanza, soko la Mwaloni Kirumba. Nanunua kwa wanaotoka visiwani, nachambua, nafunga magunia, nasafirisha. Wateja wangu wengine wako Kongo, wengine Dar, na kazi karibu yote inapita kwenye simu: picha za mzigo, WhatsApp, miamala, pamoja na daftari la madeni ambalo mdogo wangu alinihamishia kwenye Excel. Kwenye hii simu yangu lile daftari ni mateso. Nikiona jina la mteja sioni anadaiwa ngapi, nikiliona deni jina limeshatoka upande wa pili.

Sasa kuna kijana anauza Samsung Galaxy Z Fold4 iliyotumika, anasema imetoka Dubai, anataka milioni moja na laki nane. Alinifungulia pale pale, nikaingia kwenye Excel kwa akaunti yangu, daftari lote likakaa kwenye kioo. Jina, tarehe, deni, alicholipa. Wakuu, roho ilihama.

Na mnajua tena, sasa hivi ni mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, hela ya mtaji imekaa inanitazama hadi giza lirudi.

Naomba kujua: zinadumu hizi? Vumbi la dagaa na mchanga itahimili? Ikiharibika, Mwanza hapa inatengenezeka? Au ni simu za watu wa maofisini tu wenye viyoyozi?

Ngosha_Igoma

Mwangaluka dada. Milioni moja na laki nane ni magunia mangapi ya dagaa? Jibu unalo.

BintiMwaloni

@Ngosha_Igoma Mwangaluka kaka. Na ule muziki uliofunga kwenye gari ni magunia mangapi? Tusifike huko.

Tajiri_Mtarajiwa

Simu za kuringia hizo. Unaikunja, unaikunjua, watu wanageuka. Basi.

Roli_Buzuruga

Mimi natumia Fold4 tangu ilivyokuwa mpya, naendesha nayo biashara ya malori, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua.

Huyo anayesema ya kuringia hajawahi kulinganisha ankara na hati ya mzigo akiwa amesimama barabarani. Kioo cha ndani ni inchi 7.6. Naweka WhatsApp kushoto, hati kulia, namsomea dereva namba bila kurukaruka. Hilo peke yake limenirudishia hela yangu. Na ukitaka kuandika juu ya picha kwa kalamu inawezekana, ila lazima iwe S Pen iliyotengenezwa kwa ajili ya Fold. Ile ya kawaida ya Samsung inaumiza kioo.

Sasa ubaya. Ina gramu 263, shati jepesi linavutwa upande mmoja. Mkunjo wa katikati upo, unausikia zaidi kwa kidole kuliko kuuona, baada ya wiki unausahau. Saa saba mchana juani kioo cha ndani kinakuwa kioo cha kujitazamia sura. Na ile karatasi ya plastiki ya ndani ilianza kunyanyuka katikati baada ya kama mwaka na nusu, nikaituma Dar kubandikwa upya. Wakati huo nilirudi kwenye kitochi, biashara ikapwaya.

Mimi lakini nashinda ndani ya gari na ofisini. Mwaloni sijui.

Mzee_wa_Mawe

Nyie vijana mnasahau haraka. Hizi simu zilianza kwa aibu. Mwaka 2019 Samsung waliwapa waandishi wa habari za teknolojia Galaxy Fold ya kwanza waijaribu, na ndani ya siku chache baadhi ya vioo vikafa. Kuna waliobandua ile plastiki ya juu wakidhani ni ya kufungashia, kumbe ni sehemu ya kioo. Kuna ambazo uchafu uliingia chini ya kioo kupitia pembeni mwa bawaba. Simu ilikuwa iingie sokoni Aprili, ikasogezwa hadi Septemba.

Zimeboreshwa sana tangu hapo, sikatai. Fold7 ya mwaka 2025 ikiwa imekunjwa ina unene wa milimita 8.9, huwezi kuamini ni ya kukunja. Ila Marekani ilitangazwa kwa dola 1,999, yaani inakaribia milioni 5 za kwetu. Hapo sasa ndiyo unaongelea mtumbwi, siyo simu.

Nansio_Queen

Shoga, chukua Flip, ile ndogo inayokunjwa juu kwa chini. Mimi ninayo, inaingia kwenye pochi ndogo, nakwenda nayo Ukerewe na kurudi, maji ya ziwa yameshairukia mara kibao na ipo.

BintiMwaloni

@Nansio_Queen Asante shoga, nimeiona Flip, nzuri mno. Ila ikifunguliwa inabaki saizi ya simu hizi hizi, si ndiyo? Daftari langu litaendelea kukatika.

Nansio_Queen

Hapo umesema kweli. Ya kwangu ni ya urembo na selfi, sikufichi 😂

Fundi_PambaRoad

Dada, nimesoma uzi wote, ngoja nikupe upande wa meza ya fundi maana wengi wanaongelea kioo, kinachotuletea wateja ni bawaba.

Fold4 ina IPX8. Ile 8 ni maji: mita moja na nusu, nusu saa, maji baridi yaani yasiyo ya chumvi. Usifurahi kwamba ziwa letu ni la maji baridi. Kipimo hicho ni cha simu mpya, na ikishafunguliwa na fundi hata mara moja usiihesabie tena. Ile X ndiyo ya kwako. Maana yake upande wa vumbi haikupewa alama yoyote. Fold6 na Fold7 zimepewa IP48, na hiyo 4 inazuia vitu vya kuanzia milimita moja. Vumbi la dagaa ni jembamba mara ngapi kuliko hapo? Ya kukunja ya kwanza kupewa 6, yaani vumbi haliingii, ni Pixel 10 Pro Fold ya Google, ya 2025 hiyo, na kwa bajeti yako haipo.

Watu wanapenda kutaja kwamba zimejaribiwa kukunjwa mara 200,000. Kweli, ukikunja mara mia kwa siku ni zaidi ya miaka mitano. Lakini ni mashine inakunja, ndani ya chumba kisafi. Haikuwa na mikono iliyotoka kushika chenga za dagaa. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye mkunjo, halafu ukafunga simu, unaikandamiza kwenye kioo chembamba kuliko unywele. Juu yake kuna plastiki tu. Kucha inaacha alama, itakuwa mchanga!

Kutengeneza: kioo cha nje tunabadilisha. Cha ndani huja kimeshikana na fremu na bawaba yake, kinaagizwa, na bei yake kwa simu ya miaka hii mara nyingi inakaribia bei ya simu nyingine nzima ya mtumba. Wateja wakisikia bei wanaiacha mezani, wengine hawarudi kuichukua.

Kama bado roho inaitaka, ukienda kuiona fanya hivi. Weka picha nyeupe kioo kizima, kisha nyeusi, utazame kwenye mkunjo kama kuna mstari au doa. Shika aikoni moja uiburute polepole juu hadi chini ukifuata mkunjo, ikidondoka njiani ujue mguso umekufa hapo. Ifungue taratibu sikio likiwa karibu. Ikikwaruza, ndani kuna mchanga. Iache imekunjuka nusu juu ya meza. Ikianguka yenyewe, bawaba imechoka. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090 uone jibu linalokuja kama linafanana na simu uliyoshika. Muuzaji aondoe akaunti zake mbele yako, Google na Samsung zote mbili, aiwashe upya ukiwa umesimama hapo hapo. Kuna watu wamenunua simu nzuri kabisa ikawafungia siku ya pili.

Na ile plastiki ya ndani, kama imenyanyuka, USIIBANDUE.

Ngosha_Igoma

Fundi amemaliza. Dada, Tecno ya laki tatu ya kupigia picha mzigo, tableti ya laki tano ikae dukani na daftari. Laki nane jumla. Chenji weka kwenye dagaa.

Roli_Buzuruga

@Ngosha_Igoma Tableti inakaa dukani, wateja wanapiga yuko kwenye mizani. Atakimbia dukani mara ngapi? Ndiyo maana watu wanazitaka hizi simu, siyo ujinga.

Ngosha_Igoma

Aibebe kwenye mkoba. Kwani mkoba habebi?

Mama_Watatu_Nyegezi

Naomba niseme kidogo kama mwanamke mwenzake. Hapo Mwaloni asubuhi ule msongamano mnaujua. Mikokoteni, wabeba magunia, kila mtu anasukuma. Mimi kitochi changu kiliondoka na mtu. Utaikunjua simu ya milioni na ushee katikati ya watu wale, kwa mikono miwili, halafu unahesabu magunia na nani? Ya kawaida unaificha kwenye khanga unaongea nayo maisha yanaendelea.

BintiMwaloni

@Mama_Watatu_Nyegezi Hilo la mikono miwili dada sikuwa nimeliwaza kabisa. Kweli, mkono mmoja huwa na kalamu au hela.

@Roli_Buzuruga masasisho je, bado inapata?

Roli_Buzuruga

Ilitoka Agosti 2022, waliahidi matoleo manne ya Android na usalama miaka mitano. Kwa hiyo inaelekea ukingoni, Agosti 2027 ndiyo mwisho wa ahadi. Kwa programu za benki na miamala liangalie hilo. Bei ya milioni na laki nane kwa simu iliyobakiza muda huo, mimi nisingetoa.

BintiMwaloni

Mrejesho wakuu. Nimetoka kuiona sasa hivi, nimekwenda na mdogo wangu.

IMEI safi, jibu limekuja na jina lile lile. Nyeupe safi, nyeusi safi. Aikoni nimeiburuta haikudondoka. Nikaanza kutabasamu. Kisha nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona katikati pale plastiki imenyanyuka kama ganda la kitunguu, kwa chini kabisa, upana wa kidole, na ndani yake kuna vumbi jeupe. Nikamuuliza kijana hii nini. Akanijibu, "Hiyo protekta tu dada, ibandue utupe, chini kuna kioo chenyewe," akawa ameshapeleka kucha!

Mdogo wangu alimshika mkono. Nikamwambia asante, nitarudi.

Hajakubali niondoke. Ameshuka hadi milioni moja na laki tatu, na sasa hivi ananiandikia WhatsApp kwamba kuna mteja kutoka Geita anakuja kuichukua kesho asubuhi.

Fundi_PambaRoad

Hakuna mteja wa Geita hapo. Na vumbi likishakuwa chini ya plastiki, kila ukikunja linasaga. Inaweza kwenda miezi, inaweza isifike wiki. Mimi hata kwa milioni nisingeichukua.

Nansio_Queen

Mweh, bora alivyopeleka kucha mbele yako.

Mzee_wa_Mawe

2019 imejirudia Mwanza.

BintiMwaloni

Sawa wakuu, hiyo nimeiacha. Kesho nakwenda Makoroboi kuangalia tableti, ile ndogo inayoingia kwenye mkoba, Ngosha usichekelee.

Ila fundi, swali la uongo na kweli. Akishuka hadi laki sita?

Fundi_PambaRoad

Laki sita nipigie kwanza.