Aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) kuchanika bila kifua kuuma, mnaishtukiaje?

zamu_usiku: Wakuu, mgonjwa wa presha kaja mguu wa kushoto umekufa ganzi, wa baridi, mapigo hayashikiki, kifua hakimuumi kabisa. Inaweza kuwa aota?

dr_mnoko: Inaweza sana tu, pima presha mikono yote miwili, tofauti ikizidi 20 shtuka, ila zikilingana usijidanganye eti yuko salama. Wengine wanaletwa kama kiharusi, wengine wamezimia tu.

Sista K: Na eksirei ikiwa safi haimalizi kesi, mpeleke siti skani (CT scan) ya mishipa. Yule mwigizaji wa Marekani, John Ritter, 2003 alianza kutibiwa kama mshtuko wa moyo kumbe aota.

dr_mnoko: Ndo maana dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, zile za mshtuko wa moyo na kiharusi, msizikimbilie, kama kumbe ni aota unaweza kummaliza.