Naomba ushauri: revolva ndogo na nyepesi ya kubeba kila siku, vidole vina baridi yabisi

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Kibali ninacho na bastola ninayo, ya magazini, ila siku sita kati ya saba inalala kwenye sefu. Ni nzito, halafu vidole vyangu vimeanza kuingiwa na baridi yabisi, na kuvuta ile slaidi (chuma cha juu kinachoingiza risasi kwenye chemba) siku hizi ni vita. Mkufunzi wangu kanishauri nihamie revolva, ile ya silinda inayozunguka. Kaka yangu naye kila tukionana wimbo ni uleule: chukua nyepesi kuliko zote, utasahau kama umeibeba.

Nimechuja nimebaki na tatu: Smith & Wesson 642, Smith & Wesson 340PD na Ruger LCR ya .38 (namba ya saizi ya risasi). Itakaa mfukoni mwa suruali au gauni, mifuko yangu ni ya kina. Kwenye mkoba sitaki, maana mwizi akiukwapua kaondoka na vyote. Risasi tano zinanitosha. Nianzie wapi?

MzeeWaSilinda
Dada, kaka yako huyo anabeba, hapigi. Muulize mara ya mwisho kwenda kwenye shabaha ilikuwa lini.

Hiyo 340PD ina takriban gramu 330 na inakula .357 Magnum. Mimi niliwahi kuwa na kitu cha uzito huohuo. Risasi ya kwanza nilidhani imenipasukia mkononi. Ya pili nilifumba macho kabla ya kuvuta triga. Ya tatu sikuipiga. Na mimi sina baridi yabisi.

Teke, yaani ule mrusho wa bastola kurudi nyuma ikilia, halipotei hewani. Chuma kikiwa kizito kinalimeza, kikiwa chepesi linaishia kiganjani na kwenye kiwiko. Tena kuna balaa jingine ambalo wauzaji hawalitaji: bastola nyepesi sana ikipiga teke, zile risasi zilizobaki kwenye silinda zinavutwa nyuma kwa nguvu pamoja na maganda yake, na kichwa cha risasi kikiwa hakijabanwa vizuri kinachomoka kidogo kuelekea mbele. Kikichungulia nje ya silinda, silinda haizunguki tena. Hapo hakuna cha kuvuta triga tena na tena, umeshika jiwe. Vichwa vya madini ya risasi peke yake, bila koti la shaba, ndivyo vinavyosumbua zaidi.

Toa hiyo kwenye orodha.

Bakora_9
Wazee wa silinda mna mambo. Risasi tano, vilengeo kama punje ya mchele, kujaza upya mpaka kesho. Kuna bastola za magazini siku hizi ni nyembamba kuliko hizo revolva na zinabeba kumi na zaidi.

MamaWawili
@Bakora_9 nakuelewa mkuu, ila siivuti slaidi. Kumi ambazo siwezi kuziingiza kwenye chemba zinanisaidia nini?

Bakora_9
Hapo umenimaliza 😅 Nimekaa pembeni.

FundiChuma
Kabla hujachagua jina, pima kitu kimoja ambacho naona hakuna aliyekigusa. Revolva imekuondolea slaidi, lakini imekuletea triga. Kwenye hizi ndogo zisizo na nyundo ya nje, kila risasi unavuta triga kutoka mwanzo hadi mwisho: silinda inazunguka, nyundo inarudi nyuma, kisha inaachia. Kwa 642 mpya hiyo ni kama kilo 5 za kuvuta kwa kidole kimoja. Kwa kidole kinachouma, hilo linaweza kuwa zito kuliko teke lenyewe.

Kwa hiyo nenda mahali utakaporuhusiwa kuishika. Hakikisha haina kitu, fungua silinda mwenyewe uangalie matundu yote, halafu uelekeze pahali salama uvute triga mara kumi mfululizo. Ukifika ya saba na vilengeo vimeanza kucheza, hiyo si yako hata kama ina uzito wa unyoya. Watu wengi wanaiona triga ya LCR laini zaidi, haina kile kimlima cha mwishoni, ila kidole ni chako, usiamini cha mtu.

Sasa uzito. 642 fremu yake ni alumini, ina gramu 400 na ushee. LCR ya .38 iko chini kidogo, kama 380. Ila LCR ileile ipo ya .357, na hiyo ina kama 485, kwa sababu fremu yake ni ya chuma. Nunua ya .357 halafu ulishe .38 Special peke yake. Inaruhusiwa: risasi ya .38 ni fupi, inaingia kwenye tundu la .357 bila shida (kinyume chake hapana, usithubutu). Zile gramu 100 mfukoni huzihisi, mkononi unazihisi mno. Ukishapiga .38 nyingi, sugua matundu ya silinda vizuri, maana ganda fupi linaacha pete ya uchafu mle ndani.

Kimyakimya
Naunga mkono isiwe na nyundo ya nje. Mfukoni ile nyundo ni ndoano tu, inanasa kitambaa wakati unaitaka bastola itoke.

Na mfuko usiwe mtupu. Lazima holsta ya mfukoni inayofunika triga yote na inayobaki mfukoni ukichomoa. Mfuko huo ni wa bastola peke yake. Funguo, sarafu, peremende, hata tishu, vyote vikae upande wa pili. Kila wiki toa risasi upulize vumbi la nguo. Nimeshakuta manyoya ya kutosha kujaza mto.

MamaWawili
Asanteni sana. Kuna mtu kanishauri .22 ili teke liishe kabisa. LCR ya .22 inaingiza nane. Mnasemaje?

FundiChuma
Teke litaisha, triga itabaki. Risasi ya .22 baruti yake ya kuwashia iko kwenye ukingo wa kitako, inataka nyundo ipige kwa nguvu, kwa hiyo triga za revolva za .22 huwa nzito kuliko za .38. Kwa tatizo lako unarudi palepale. Na .22 hushindwa kulipuka mara nyingi kuliko .38. Kwa mazoezi ni tamu, kwa kutegemea baki na .38.

Chagua risasi laini, za shinikizo la kawaida, si zile za +P zenye shinikizo kubwa zaidi. Wadcutter ya grein 148 (huo ni uzito wa kichwa cha risasi), kichwa chake bapa, inapiga polepole na mkono unaivumilia. Kasoro yake ni ubapa huohuo: ukijaza upya kwa haraka hazipenyi kirahisi kwenye matundu.

MzeeWaSilinda
Na mshikio! Ule mfupi unaokuja na bastola unaacha kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Weka wa mpira unaoufunika mgongo wa fremu. Utakuwa mrefu kidogo mfukoni, lakini kiganja chako kitakushukuru.

Halafu usifunge silinda kwa kuirusha kwa mkono mmoja kama wacheza sinema. Inapinda kile kimkono cha chuma kinachoshikilia silinda, baada ya hapo risasi hazikai sawa na mtutu.

MamaWawili
Mrejesho, wakuu. Jumamosi mkufunzi alinipatia tatu nizijaribu, mita 7, risasi laini za .38 zote.

642: tano za kwanza zote kwenye karatasi. Nilipofika ya kumi na tano mkono ulikuwa unatetemeka, na nilikuwa nashusha mtutu kabla ya mlio, kama Mzee alivyokuwa akifumba macho. LCR ya .357: nilipiga thelathini, zote kwenye karatasi, na nilitamani kuendelea. Nilijaribu pia Smith & Wesson 640, ya chuma tupu, gramu 600 na kitu. Tamu kuipiga, lakini gauni lilivutwa upande mmoja nikaonekana nimebeba tofali.

Nimechukua LCR ya .357, mshikio wa mpira, holsta ya mfukoni. Kaka kaishika, kaipima mkononi, kasema mbona nzito. Nimemwalika Jumamosi ijayo aje na ile nyepesi yake.

Bakora_9
Leta picha ya karatasi yake 😂

MamaWawili
Kwanza aje.