Tupeane uzoefu: mbao za ndani mwazipiga vanishi kabla ya kupigilia au baada?

Wa_Langoni: Nimeona sketingi za jirani, zile mbao za chini ya ukuta, zimebenuka kama mbavu za jahazi, nikakumbuka zangu. Fundi alipigilia kwanza, akapaka baadaye. Chokaa ukutani bado mbichi, na mgongo wa ubao haukuguswa na brashi. Zilipoingia pepo za Kusi na mvua zake, mbao zikanywa maji kwa nyuma, vanishi ya mbele ikatoa malengelenge. Nyie je?

BintiShela: Chokaa mbichi, usiniambie.

Mkomani_Juu: Mimi nilipaka kabla na bado nalia. Arusi ya dada siku nne. Miimo ya milango mitatu, mbambakofi tupu, nimeipanga juu ya madebe kiwandani, ule ua wa ndani. Msasa nimepiga mwenyewe mpaka vidole vikachubuka. Koti ya tatu ya vanishi nikapaka jioni, nikaenda Ishaa, mlango wa nje sikuukomea. Narudi, punda wa kubeba mchanga yumo ndani, ajikuna ubavu kwa mwimo wa chumba cha bibi arusi! Taratibu, macho kayafumba. Kumfukuza, akapiga teke kopo. Mama akatoka na mwiko, sikujua anamtaka punda au mimi.

BintiShela: 😂😂 Punda wa nani?

Mkomani_Juu: Hakuna aliyemkiri. Na ubavu wang'aa hivyo!

Fundi_Malindi: Watu wa Lamu kila kitu punda. Paka kabla, pande zote nne na ncha. Koti ya mwisho iache mpaka umepigilia na kuziba matundu ya misumari.

Wa_Langoni: Na ukikata kona palepale ukutani? Ncha si imebaki tupu?

Fundi_Malindi: Waipaka kabla hujaigongomea, yakhe. Hilo nalo ni swali?

Wa_Langoni: Ni swali, ndiyo maana nimelipa fundi mara mbili.

Nahodha_Mstaafu: Pakeni wakati wa Kaskazi, kwakauka.

BintiShela: Na vumbi lote la mtaa ligande? Hasha.

Nahodha_Mstaafu: Basi sifa. Jahazi lapakwa sifa na halijalalamika.

BintiShela: Sebuleni, mafuta ya papa? Mkeo amekubali?

Fundi_Malindi: Turudi kwa mbao jamani.

BintiShela: Subiri. Ule mwimo mliufanyaje?

Mkomani_Juu: Tuliparura usiku kucha, tukapaka upya. Manyoya mengine yamo mle mpaka leo. Wageni wakipapasa husema, mashallah, nyuzi za mti.