Barakoa kwa nyumba ya watu saba: nani avae, wapi, na ipi?

Kidirisha

Wakuu, habari za jioni. Nauliza wanaoijua kazi hii. Ubishi wa korona "ilikuwepo, haikuwepo" naomba tuupeleke uzi mwingine. Likija tena wimbi la ugonjwa wa hewa kama la 2020 na 2021, nyumba kama hii iamueje? Tuko saba. Bibi ana miaka 78 na kisukari. Wawili wanapanda daladala, dakika 50 kwenda na 50 kurudi. Mmoja anauza nyanya sokoni, meza ya nje. Mmoja yuko ofisini, chumba cha watu tisa, kiyoyozi kinaunguruma na madirisha yamefungwa. Watoto wawili, miaka 4 na 9. Ibada mara moja kwa wiki.

Hela ya kumnunulia kila mtu N95 (barakoa yenye kichujio kikali inayobana uso) kila siku haipo. Nataka kujua wapi barakoa ina kazi kweli na wapi ni mapambo, ya kitambaa inasaidia au tunajidanganya, na zile nzuri tukipata chache tumpe nani.

Sista wa Zamu

Ndugu, anza na bibi halafu rudi nyuma: nani anaweza kumletea ugonjwa, na huyo anaupatia wapi. Kwa orodha yako namweka wa ofisini mbele. Wengi wangetaja daladala, lakini masaa nane kwenye chumba kilichofungwa, watu wanaongea na kucheka, ni mzigo mkubwa kuliko dakika 50 za gari lenye madirisha wazi. Daladala inafuata, kisha ibada ya ndani, hasa kipindi cha kuimba, maana mtu anayeimba anatoa chembe nyingi kuliko aliyenyamaza. Muuza nyanya ni wa mwisho. Nje aiweke mfukoni, aivae akiingia ndani ya jengo la soko lililosongamana au foleni ya benki.

Sasa ile hoja ya "kirusi ni kidogo kuliko matundu, ni kama kuzuia mbu kwa wavu wa goli". Kirusi cha UVIKO-19 (korona) kina kama mikroni 0.1, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ni kweli. Ila hakirukiruki peke yake, kinasafiri ndani ya chembe za mate na ute. Halafu kichujio hakifanyi kazi kama chekeche. Ni nyuzi zilizosongamana ovyo, tabaka juu ya tabaka. Chembe kubwa inashindwa kukata kona, inagonga uzi na kunasa. Ndogo sana inayumbayumba mpaka nayo inagusa uzi. Zinazosumbua ni za katikati, kama mikroni 0.3, na N95 inapimwa kwa hizo hizo: lazima ikamate angalau asilimia 95. FFP2 ya Ulaya ni asilimia 94, usihangaike na tofauti hiyo.

Tabaka la kati la N95 na la barakoa ya hospitali (ile nyepesi ya kuvaa na kutupa) lina umeme tuli unaovuta chembe. Kwa hiyo hazifuliwi wala hazipulizwi spiriti. Sabuni na spiriti vinaua ule umeme. Kwa macho barakoa itabaki nzima lakini kazi imekwisha.

Kinachowaangusha wengi ni upenyo. Ukivaa miwani na vioo vikaingia ukungu, hewa inatokea juu, kwenye pua. Ya hospitali ikibinuka mashavuni, hewa inapita pale pale penye njia rahisi, kichujio kinabaki pambo. Dawa yake ni ya bure: kunja barakoa nusu kwa urefu, funga fundo kwenye kila kamba karibu kabisa na ukingo, ifungue, kisha sukuma ile pembe iliyobaki wazi iingie ndani. Waya wa puani upinde kwa vidole viwili vya kila mkono, kuanzia katikati kushuka pembeni. Ukiuminya kwa mkono mmoja unapata kona kama herufi V, na hapo hewa inapita.

Mbishi Halali

Sista, tuwekane sawa. Denmark walifanya utafiti 2020, watu kama 6,000, nusu wakahimizwa kuvaa barakoa za hospitali wakitoka nyumbani. Mwezi mmoja baadaye walioambukizwa ni asilimia 1.8 upande wa barakoa na 2.1 upande wa pili. Tofauti ya namna hiyo inaweza kuwa bahati tu. Kwa nini basi mtu wa hali ya chini atumie hela yake huko?

Sista wa Zamu

Namba zako ni sahihi, mkuu. Tazama kilichopimwa: mvaaji mmoja mmoja katikati ya jamii isiyovaa. Utafiti haukupima kama mgonjwa akivaa anawakinga wengine, na chini ya nusu ndio waliosema walivaa kama walivyoelekezwa.

Bangladesh walipima kwa vijiji, vijiji 600 na watu wazima zaidi ya 340,000. Kwenye vijiji vilivyopewa barakoa na kuhimizwa, uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42, yaani zaidi ya nusu bado hawakuvaa. Ugonjwa wenye dalili uliothibitishwa kwa damu ulipungua kama asilimia 9. Vijiji vya barakoa za hospitali ulipungua asilimia 11, na kwa wenye miaka 60 na zaidi asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa matokeo hayakuwa wazi. Siyo ngao ya chuma, ila kwa nyumba yenye bibi wa miaka 78 ile 35 ndiyo namba yako.

Mbishi Halali

Hapo nimekuelewa. Ila kwa kitambaa tukubaliane ni kujifariji.

Cherehani Nne

Kitambaa kipi, mkuu? Zile za tabaka moja la fulana zilizouzwa kwenye taa za barabarani nakubali ni kujifariji. Kitambaa kinachovutika ukikivaa kinatanuka, na matundu yanatanuka nacho. WHO walitoa mwongozo Juni 2020: matabaka matatu, la ndani linyonye unyevu, la kati lichuje, la nje lisipitishe maji upesi.

Ndani weka khanga ya pamba, na uifue kabla ya kukata ili wanga utoke na isije ikasinyaa baada ya kushona. Katikati unahitaji spanbondi, na hii unayo nyumbani: ni kile kitambaa cha mifuko mbadala iliyoingia Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019. Chagua mpya, isiyochapwa rangi. Nje weka tetroni. Inua kila kitambaa juani kabla ya kununua. Ukiona mwanga unapenya kati ya nyuzi, mrudishie muuzaji.

Vipimo vya mtu mzima: upana sentimita 20, urefu 19, vipande vitatu. Toa sentimita moja ya mshono kila upande, zinabaki 18 kwa 17. Piga marinda matatu yanayoelekea chini, kila moja lile sentimita 2.5, pembeni zibaki 9.5. Usiweke mshono wa katikati mbele ya mdomo, sindano inaacha matundu mahali pabaya kuliko pote. Elastiki sentimita 16 hadi 18 kila sikio, na ncha moja usiifunge mpaka mvaaji ajipime. Kamba nne za kufunga kisogoni zinakaza vizuri zaidi. Watu hawazipendi, ni uvivu tu.

Usizidishe matabaka kwa pupa. Ikiwa nzito, pumzi inakosa njia mbele inatafuta pembeni, ukawa umejipunja mwenyewe. Na usiweke nailoni katikati.

Hewa Safi

Nafanya viyoyozi na feni, niguse ofisi. Kiyoyozi cha ukutani kinavuta hewa ya humo humo, kinaipoza na kuirudisha. Hewa mpya hakileti. Watu tisa, mlango umefungwa, mnavutiana pumzi tangu asubuhi.

Kuna kifaa kidogo cha mezani kinachopima hewa ukaa. Nje kinasoma kama 420 kwa milioni. Ndani kikikaa chini ya 800 mnapumua vizuri; kikipita 1,000 hewa imeanza kuchakaa, na chumba kama hicho kinaweza kupita 1,500 kwa urahisi. Fungua dirisha la upande mmoja na la upande wa pili, upana wa kiganja tu, kiyoyozi kiendelee, halafu tazama namba zinavyoshuka. Bili ya umeme itapanda kidogo, bosi alalamike. Feni ya meza igeuzie dirishani itupe hewa nje. Feni ya juu inakoroga tu. Kumbuka kifaa kinapima pumzi, hakipimi virusi. Mkivaa barakoa wote tisa namba haitashuka, ingawa hatari imeshuka.

Kwenye daladala, dirisha lako peke yake halitoshi, omba na la upande wa pili lifunguliwe hewa ipite. Leveli siti ya 2020 (abiria wote wamekaa, hakuna wa kusimama) ilisaidia kwa sababu hakuna aliyekupumulia utosini. Mvua ikinyesha kila mtu anafunga, na hapo ndipo barakoa inapata kazi yake. Ivae kituoni, usisubiri msukumano wa mlangoni.

Kidirisha

Nashukuru sana. Dada Sista, kwa hiyo N95 chache apewe wa ofisini? Na inakaa muda gani? Bibi mwenyewe je, na watoto?

Sista wa Zamu

Wa ofisini apate tano. Kila siku ya kazi na yake, jioni iingie kwenye mfuko wa karatasi wenye jina la siku, irudi wiki inayofuata. Nailoni inafungia unyevu, usiitumie. Wakati wa uhaba CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, waliweka kikomo cha kuvaa mara tano kwa barakoa moja, kwa sababu mikanda inalegea na haikazi tena. Kwa hesabu hiyo tano zinafika wiki tano. Akiivua mchana kula, akaivaa tena, hizo ni mara mbili, na wiki tano zinakuwa mbili na nusu. Hicho chakula pia akalie nje, maana wakati wa kula wote mmevua. Ikilowa, ikichanika au ikibonyea isirudi umbo lake, tupa hata kama ni siku ya kwanza.

Namna ya kuivaa: ishike kiganjani mikanda ining'inie, anzia kidevuni, mkanda wa juu upite utosini, wa chini shingoni chini ya masikio. Anayevaa mtandio apitishe mikanda chini ya mtandio, juu ya nywele, kwa kuwa juu ya kitambaa inateleza. Funika mbele kwa viganja viwili, vuta pumzi kwa nguvu: inatakiwa inywee kidogo usoni. Toa pumzi: usihisi upepo machoni wala mashavuni. Ndevu zinavunja huo mkazo, hata za siku mbili tatu. Yenye vali usinunue kwa nyumba yenye mgonjwa, vali inatoa pumzi yako nje bila kuchujwa.

Feki ni nyingi. N95 iliyoidhinishwa Marekani imechapwa NIOSH (taasisi yao ya usalama kazini inayoidhinisha) na namba inayoanza na TC-84A kwenye barakoa yenyewe, na ina mikanda ya kichwani. Ukiona imeandikwa N95 na NIOSH huku ina vitanzi vya masikioni, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Za hospitali, kata moja ya boksi kwa mkasi: lazima matabaka yawe matatu, la kati jeupe na laini.

Bibi nyumbani asivae siku nzima, hatavumilia. Mgeni akija mkae barazani. Lakini siku ya kliniki ya kisukari yeye ndiye apewe N95 kama anapumua vizuri nayo, maana kule benchi zima lina watu wanaokohoa. Wa miaka 4 asivae. WHO na UNICEF hawashauri kuwalazimisha wenye miaka 5 kushuka chini. Wa 9 avae ndani ya umati kama anaweza kuivaa na kuivua mwenyewe, na asivae akikimbia wala akilala.

Akiugua mtu ndani, mgonjwa ndiye avae, ya hospitali inatosha, chumba chenye dirisha wazi, siku 10 tangu dalili ya kwanza kwa UVIKO-19. Anayemhudumia avae N95, na asiwe yule anayempikia na kumwogesha bibi. Kujifukiza kama kunampa nafuu ajifukize, ila ile nyungu haizuii kuambukiza, na mvuke ukishaisha barakoa irudi.

Mbishi Halali

Na ile ya "inakosesha oksijeni"?

Sista wa Zamu

Weka kipimo cha oksijeni kidoleni, vaa ya hospitali, soma baada ya nusu saa. Mtu mwenye mapafu mazima namba inabaki ile ile. Joto na usumbufu vipo, sivikatai. Mwenye pumu kali au ugonjwa sugu wa mapafu aongee na daktari wake kabla ya N95.

Kidirisha

La mwisho, kufua zile za kitambaa. Tuloweke kwenye Jik?

Cherehani Nne

Maji ya nyuzi 60 na sabuni yanatosha. Huna maji ya moto kiasi hicho, fua kwa sabuni na maji ya kawaida, kisha chemsha dakika moja. Jik ni chaguo la mwisho, kwa sababu inakula elastiki. Soma chupa: klorini ikiwa asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula (mililita 30) kwa lita moja ya maji vinakupa kama asilimia 0.1. Loweka dakika moja, suuza mpaka harufu iishe. Usiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa gesi ya sumu. Anika juani, kila mtu awe na tatu: moja usoni, moja kambani, moja kabatini.

Na pasi uwe mwangalifu. Ile spanbondi inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na pasi ya pamba inafika 200. Kuchemsha haina shida, lakini pasi ikiwa kwenye alama ya pamba, tabaka la kati linagandana kama karatasi ya pipi na hewa haipiti tena. Weka alama ya nailoni, pitisha haraka, marinda tu.