Naombeni ushauri: mshahara wa kuanzia, nikubali au nijadili kwanza?

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza shahada ya takwimu mwaka huu na nimepata ofa ya kwanza. Tuliosoma darasa moja tumepishana sana: mwenzangu ambaye ufaulu wake ni wa kawaida tu ametajiwa mshahara karibu mara mbili ya wangu. Yeye anaingia benki, mimi taasisi ndogo ya utafiti. Nikaanza kuamini kuwa sekta na ukubwa wa mwajiri vina uzito kuliko cheti chenyewe. Halafu yeye alifanya mafunzo kwa vitendo hapo hapo, kwa hiyo walishamjua. Mimi likizo zote nilikaa maktaba (najilaumu kidogo).

Kinachoninyima usingizi ni hiki: nyongeza nyingi hukokotolewa kwa asilimia ya mshahara uliopo, na mwajiri anayefuata huenda akauliza ulikuwa unalipwa kiasi gani. Nikianzia chini, pengo litanifuata miaka. Lakini nikidai zaidi wakati waombaji ni wengi hivi, si wataniacha wamchukue mwingine?

Kwa mliopitia haya, au mnaoajiri: mgeni asiye na uzoefu anajadili vipi bila kuonekana ana tamaa? Nitaje kiwango mwenyewe au niwasubiri waseme? Na kama mshahara haupandi, niombe nini badala yake: bima, posho, au mapitio ya mshahara baada ya kipindi cha majaribio? Natakiwa kujibu ndani ya wiki hii.