Naomba ushauri: oili ya mnyororo wa chensoo wakati wa baridi
Wakuu, heshima kwenu. Ninakata misindano na mikaratusi huku Mafinga, na ninaomba ushauri kuhusu oili ya kulainisha mnyororo na bapa (chuma kirefu kinachobeba mnyororo) la chensoo. Wengi hapa hutumia oili chafu ya magari, ambayo mimi siiamini hata kidogo, kwa kuwa chembe za chuma zilizomo husaga bapa na kuziba pampu. Oili maalumu yenye mnato, isiyorushwa ovyo mnyororo unapokwenda kasi, bei yake imenishinda. Sasa natumia oili mpya ya injini ya SAE 40 (namba ya uzito wa oili), lakini asubuhi za Julai, nikielekeza ncha ya bapa kwenye kisiki cheupe na kuongeza kasi ya injini ili kupima kama oili inafika, michirizi ya oili huonekana kwa shida. Je, nihamie SAE 30, iliyo nyepesi zaidi, mpaka baridi iishe, au nifungue zaidi skrubu ya pampu ya oili?