Grand Canyon na Zion kwa mzunguko mdogo, au Utah nzima? Nasafiri na mama yangu

MwanaPangani

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Naomba ushauri, na naomba mniambie ukweli hata kama hautanifurahisha.

Mama yangu, miaka 66, anakuja Minnesota kutoka Tanga pamoja na mdogo wangu wa kike. Tumepata siku nane mwisho wa Septemba. Katika Marekani nzima mama ameomba kitu kimoja tu, kuiona Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona. Picha yake ilikuwa kwenye kalenda dukani kwa marehemu baba, na mwaka ulipoisha kalenda haikushushwa. Watoto wetu wana miaka 11 na 7. Mama magoti yanamsumbua: kwenye tambarare anatembea nusu saa, ngazi ni shida.

Nimechora njia tatu:

1. Mzunguko mdogo. Las Vegas, hifadhi za Zion na Bryce huko Utah, mji wa Page, Grand Canyon upande wa kusini, kisha Vegas tena. Kama maili 810, yaani kilomita 1,300.
2. Mzunguko mkubwa. Vegas, Zion, Bryce, Capitol Reef, Moab (Arches na Canyonlands), Monument Valley, Page, Grand Canyon, Vegas. Kama maili 1,200 kabla hujahesabu mizunguko ya ndani ya hifadhi.
3. Utah peke yake. Tunatua Salt Lake City, tunashuka Moab, tunamalizia Zion na kupandia ndege Vegas. Hapa Grand Canyon haimo, ila wengi wanaisifu.

Mume wangu anataka ya pili. Anasema nauli ya mama kutoka Dar ni kubwa mno kumwonyesha nusu. Mimi nasita. Pia tujue: gari la kawaida na hoteli, au lile gari kubwa lenye vitanda na jiko?

Mama Salha

Dada, ngoja nikueleze yetu, maana ni kama umeandika habari zangu.

Mwaka 2023 tulizunguka mzunguko mkubwa na mama mkwe wangu, siku saba. Zion alishuka kila kituo cha basi la hifadhi, anauliza kila mwamba. Bryce akakaa Sunset Point akiitazama ile minara myekundu hadi tukamfuata na shali. Siku ya nne, karibu na Moab, alitembea mpaka Mesa Arch, na njia ile ni fupi kweli. Siku ya tano Monument Valley akasema, "Nendeni wanangu, mimi naona kwa dirishani." Hakushuka. Siku ya saba ndiyo tukafika Grand Canyon, saa kumi na moja jioni. Alikaa kwenye benchi Mather Point dakika ishirini. Alfajiri tukaondoka, maili 280 za kurudi Vegas zinatungoja.

Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mzee akichoka safarini hasemi, anaacha tu kushuka garini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni namba 1, lakini igeuze. Kutoka Vegas nendeni Grand Canyon kwanza, saa nne na nusu hivi za kuendesha, mlale hapo usiku mbili. Kile alichokiomba akione akiwa na nguvu zake.

Upande wa kusini unamfaa mwenye magoti. Njia ya ukingoni sehemu kubwa imewekwa lami na ni tambarare. Kuanzia Machi hadi Novemba barabara ya Hermit haipitishi magari binafsi, mabasi ya bure ya hifadhi ndiyo yanayobeba watu, basi anashuka kituo akipendacho na kupanda linalofuata. Watoto wapelekeni Trail of Time: kila mita moja unayotembea ni miaka milioni moja ya historia ya mawe. Kijana wako wa miaka 11 atahesabu hadi mwisho. Mawe ya chini kabisa ya korongo yana zaidi ya miaka bilioni 1.7.

Nguo nzito muhimu. Ukingo uko mita 2,100 juu ya bahari, Bryce ni 2,400 na zaidi. Baridi ya Lushoto ataiona ya kitoto.

Kijana_wa_Provo

Shikamoo Mama Salha. Nakubali hoja ya mzee, lakini naomba niitetee Utah, maana nimeishi huku miaka sita na inanisikitisha watu wanavyoipita mbio.

Barabara namba 12 kati ya Bryce na Capitol Reef ina maili kama 122, na kwangu mimi inashinda hifadhi nyingi. Karibu na mji wa Boulder inapita juu ya mgongo wa mwamba, bonde kushoto, bonde kulia. Capitol Reef kuna bustani za matunda za Fruita, zilizopandwa na walowezi wa Kimormoni tangu miaka ya 1880. Mwisho wa Septemba ni msimu wa tufaha. Unaingia, unachuma, unalipa mwenyewe kwenye kisanduku. Mama wa Tanga atafurahi kuona mti unaochumwa kwa mkono katikati ya jangwa.

Arches ina matao ya mawe zaidi ya 2,000. Delicate Arch, lile lililo kwenye namba za magari ya Utah, lina kimo cha mita 16. Kulifikia ni kilomita karibu tano kwenda na kurudi, na mwamba wa kupanda, kwa hiyo si kwa mama. Lakini lipo eneo la chini la kulitazama kwa mbali, hatua mia tu kutoka maegesho.

Kama ni siku nane na vijana watupu ningesema 3 bila kufikiri.

MwanaPangani

@Kijana_wa_Provo ahsante mdogo wangu, hiyo ya tufaha imenigusa. Lakini nikimwambia mama tumeiacha Grand Canyon kwa ajili ya tufaha, nitamtazamaje usoni?

Dereva_wa_Masafa

Salaam. Naendesha lori, barabara kuu ya I-70 naipita karibu kila wiki. Nazungumzia barabara tu.

Maili za huko si za Minnesota. Ile namba 12 anayoisifu kijana ni nzuri kweli, lakini ni kona na miinuko, inapita Boulder Mountain karibu mita 2,900. Saa mbili za kwenye ramani hesabu tatu na kusimama. Usiiendeshe magharibi ikiingia. Kulungu wanavuka, na sehemu nyingi ng'ombe wanalisha bila uzio.

Mkichagua ya pili halafu mkachoka mkataka kukata njia ya Moab kurudi Vegas kwa I-70: kati ya Green River na Salina ni kama maili 110 bila kituo cha mafuta wala duka. Jaza Green River hata kama tangi liko nusu.

Maji lita nne kwa mtu kwa siku, yawe ndani ya gari, si kwenye buti chini ya mabegi. Kagueni tairi la akiba kabla ya kusaini gari la kukodi, siku hizi mengi yanatoka na kopo la dawa ya kuziba tu.

Gari la vitanda: hapana. Handaki la Zion upande wa mashariki lilimalizika kuchimbwa 1930, kwa magari ya zama hizo. Tangu Juni mwaka huu wa 2026 magari makubwa hayapiti tena. Kimo kikizidi mita 3.45 mnazungushwa mbali. Chukueni gari la safu tatu za viti, mmalize.

Hesabu_Zangu

Hakuna aliyegusa pesa. Tangu 1 Januari 2026 asiye mkazi wa Marekani, kuanzia miaka 16, analipa dola 100 za nyongeza katika hifadhi 11 zenye wageni wengi. Zion, Bryce na Grand Canyon zote zimo. Arches, Canyonlands na Capitol Reef hazimo.

Yaani njia ya 1 na ya 2 zina mageti matatu ya nyongeza, njia ya 3, mkipitia Bryce, ina mawili. Hata kwa mama peke yake, mageti matatu ni dola 300, wakati pasi ya mwaka ya mgeni ni 250. Nunueni pasi. Ya mkazi ni 80, lakini lazima uonyeshe kitambulisho cha serikali cha hapa.

Monument Valley na Antelope Canyon, lile korongo jembamba karibu na Page, ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, pasi haifanyi kazi. Pombe pia kwa kawaida ni marufuku katika ardhi yao.

Naivasha_Yetu

Hamjambo nyote. Naona mvua haijatajwa na mimi siwezi kunyamaza. Septemba 2019 wageni walisombwa na maji kwenye korongo la Hell's Gate, kwetu Naivasha. Tangu hapo korongo jembamba siliingii bila kuuliza hali ya anga ya *juu*, maji yanakotoka, si ya pale niliposimama.

Huko Arizona ni vivyo hivyo. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa Lower Antelope Canyon, na mvua iliyowaua ilinyesha mbali, wao hawakuiona. Zion, Septemba 2015, watu saba walikufa Keyhole Canyon siku moja. Mwamba haunywi maji. Kila tone linateremka, na korongo ndiyo mfereji wake.

Siku hizi Antelope huingii bila mwongozaji Mnavajo. Akisema leo hatuingii, msibishane naye, hata kama mmelipia. Kwa mama chukueni Upper Antelope: mnaingia usawa wa ardhi. Lower ni ngazi za chuma zilizosimama wima. Na pale Zion, The Narrows ambako watu hutembea ndani ya mto, uliza walinzi asubuhi ile ile.

Mama Salha

Amina, umesema kweli. Dada, mama yako anakula nyama ya kuchinjwa tu? Miji ile midogo hutaipata. Sisi tulinunua Vegas, tukagandisha, tukaweka kwenye deli la barafu, na vyumba tulichagua vyenye jiko dogo. Chukua na binzari yako na nazi ya kopo. Kuna usiku Page tulikula wali wa nazi, na mkwe wangu alizungumza jioni nzima.

MwanaPangani

Nimesoma yote na mume wangu kasoma begani kwangu. Aliposoma habari ya dirishani alikaa kimya, kisha akasema basi.

Tumeamua: namba 1 iliyogeuzwa, kwa siku zote nane. Usiku wa kwanza Vegas, tupumzike na kununua vyakula. Grand Canyon mbili. Page mbili, hapo siku moja mume wangu na mdogo wangu wataamka alfajiri waende Monument Valley na kurudi, saa mbili kila upande, sisi na mama tutabaki hadi Upper Antelope yetu ya mchana. Bryce moja. Zion moja, tutembee njia ya Pa'rus ambayo nimeona ina lami. Utah ya tufaha, @Kijana_wa_Provo, tutakuja na watoto wakikua.

Kuna kitu nimesahau?

Dereva_wa_Masafa

Saa. Arizona haibadilishi saa majira ya joto, Utah inabadilisha, na Wanavajo wanabadilisha ingawa wako Arizona. Mji wa Page unafuata Arizona, na safari za Antelope zinafuata saa ya Page. Simu ikikamata mnara wa ng'ambo inaruka saa nzima yenyewe. Wale wawili wakitoka Monument Valley watadhani wamechelewa kumbe bado. Mkifika Page wekeni saa ya simu kwa mkono, na mama avae ya mkononi.